Mshipa wa Nyumba

Machi 3

Daftari hili nililinunua la kuandikia vipimo vya wateja. Ukurasa wa kwanza ulikuwa na kiuno na kifua cha mwalimu mkuu, ambaye hakurudi kuchukua suti yake, basi nimeuchana. Kurasa zilizobaki ni zangu. Nina la kusema na sina wa kumwambia. Mama nikimwambia ananiombea, Kaka nikimwambia anatoa hukumu.

Jambo lenyewe ni doa. Nimeliona leo nikitandika kitanda cha Mama. Ukutani, nyuma ya mto wake, pana doa la unyevu kubwa kama sahani. Rangi imevimba, ukiigusa inabonyea kama lengelenge. Nimebonyeza, maji yakanilowesha kidole, nikajipangusa kwenye sketi haraka kama mtoto aliyefumaniwa kwenye kopo la sukari.

Mvua hazijaanza. Hicho ndicho kinachonikera. Doa la mvua lingesubiri mvua.

Machi 4

Mshipa ndio unaovuja. Ngoja nieleze, maana mtu wa nje akiisikia lugha ya nyumba hii atadhani sote hatuna akili. Baba alikuwa dresa wa zahanati, kazi yake kuosha na kufunga vidonda vya watu. Alipostaafu akahamia kuiuguza nyumba. Kwake paa lilikuwa kichwa, madirisha macho, mfereji wa maji machafu utumbo, na bomba linaloleta maji kutoka kwenye mita ya barabarani na kupita ndani ya ukuta huu likawa mshipa. Mlango ulikuwa mdomo. Mgeni akiingia akauacha wazi, Baba alimpazia sauti: "Funga mdomo!" Tulipoteza wageni wa heshima kwa namna hiyo. Na mzaha wake ulikwenda pande zote mbili, maana hata daktari wa pale zahanati, Baba alimwita fundi, na dawa ya kikohozi aliiita grisi. Tulikua tukisema hivyo mimi na Kaka, Mama naye akazoea, na sasa hakuna anayecheka. Ni maneno ya nyumbani tu.

Mshipa unapita katika ukuta ulio kati ya chumba cha Mama na chumba cha mbele ninakoshonea sare za shule. Baba aliulaza kwa mikono yake kabla sijazaliwa. Mwaka jana, mvua zilipokuwa zikiishiaishia, alifia upande wa pili wa ukuta huo huo, kwenye kitanda anacholalia Mama sasa.

Machi 7

Nimepaka rangi. Doa halionekani. Mimi na ufundi wangu!

Machi 10

Doa linaonekana. Rangi niliyopaka imening'inia kama soksi iliyolegea. Limeshuka hadi karibu na sakafu, na pembeni limeota unga mweupe. Nimeonja. Ni chumvi. Nimetundika kipande cha pazia juu yake, kwa sababu Kaka anakuja Jumapili.

Machi 12

Mvua ya kwanza imenyesha asubuhi, nzito, ya kuropoka, kisha ikanyamaza.

Alasiri, saa ambazo maji ya mgao hurudi, nilikuwa natia kola kwenye shati. Ukuta ukagonga. Ko, ko. Mara mbili, halafu kimya.

Nilijichoma sindano. Baba alipokuwa hawezi tena kuinuka, aliita hivyo, kwa pete yake ukutani, mara mbili, bila haraka, na mimi niliacha cherehani nikaenda kumpa maji. Hakugonga mara tatu hata siku moja. Alikuwa mtu wa adabu hata katika kuumwa.

Najua bomba linagonga hewa ikiingia. Najua sana. Lakini nilishainuka nusu kwenye kiti, na mdomo wangu ulishasema, "Nakuja."

Machi 16, Jumapili

Kaka amekuja na viatu vyake vinavyong'aa. Alikaa, akasifu chai, kisha akaenda moja kwa moja kulivua pazia, kama mtu aliyeambiwa.

"Sindano," aliniambia. Ndilo jina nililopewa na Baba, kwa ulimi wangu. "Hiki ni nini?"

"Ukuta."

"Mama analala na kifua chake hapa? Kwangu kuna chumba kikavu, kina vigae, kina dirisha la jua. Mnasubiri nini nyinyi?"

Mama akasema kwa upole, "Baba yako bado anaita, mwanangu. Nikitoka hapa atamwita nani?"

Kaka aliniangalia kana kwamba mimi ndiye niliyemfundisha maneno hayo. Tulipotoka barazani alikata shauri. Mvua zikiisha na ukuta bado umelowa, Mama anahamia kwake na nyumba inafungwa. Nilimuuliza mimi je. Alisema, "Wewe una mikono, cherehani inabebeka." Hakusema kwa ubaya. Ndiyo maana nilikasirika zaidi.

Basi ni hivyo. Ukuta ukikauka, Mama anabaki. Usipokauka, nitamwona akipandishwa garini na godoro lake, naye atakufa kwa kujiona mkosaji kwamba amemwacha mtu ukutani. Namjua mama yangu.

Machi 19

Nimempata fundi bomba. Mtaani wanamwita Kesho, na nimeelewa kwa nini. Amesema atakuja kesho.

Machi 20

Hakuja.

Machi 21

Mvua usiku na mchana. Asubuhi Mama alikuwa amekaa kitandani, miguu chini, hajajifunga hata kitambaa.

"Kichwa leo kizito," alisema. "Tangu mvua zianze."

Nilitazama dari. Kweli, lilikuwa limeshuka kidogo pembeni, pale bati lilipochoka. Nikasikitika, maana sasa yamekuwa matatizo mawili. Nikamwambia, "Nitamwita fundi."

"Mwite, mwanangu. Usichelewe."

Nilishangaa, maana Mama si mtu wa kuhimiza.

Machi 24

Fundi amesema kesho.

Machi 25

Mama ameuliza, "Fundi hajaja?" Nikamwambia amesema kesho. Akasema, "Basi, kesho si mbali." Ukuta umegonga alasiri. Mama akajibu kwa pete yake, ko, ko, bila kuacha kuchambua mboga.

Machi 27

Kesho amekuja! Nimemwandalia ngazi kama bwana harusi. Amepanda juu ya paa, ametoboa, amegongelea kipande cha bati, ameshuka akanywa chai vikombe vitatu na kunieleza habari za mke wake. Kuhusu mshipa amesema ataurudia, ana kazi kwa watu.

Nilipoingia chumbani nilimkuta Mama amevaa gauni lake la kutokea, amechana nywele, amekaa wima pembeni mwa kitanda na mikono mapajani.

"Ameshaondoka?"

"Ameshaondoka. Kichwa amekimaliza."

"Mbona hakuingia kuniona?"

Nilicheka. Nilimwambia, "Mama nawe! Yule amekuja kazini, hakuja kutembea."

Baadaye nikamwona analivua gauni, polepole, kifungo kimoja kimoja, na kulikunja. Nikamhurumia. Tangu Baba aondoke haoni wageni.

Aprili 2

"Jicho la kushoto asubuhi halifunguki vizuri," amesema Mama. Ni dirisha la upande wa kichwa chake, mbao imelowa maji. Nimesugua mshumaa kwenye bawaba. Sasa linafunguka kama mpya.

Aprili 5

Mvua. Kola ishirini, mikono ya mashati, mvua.

Aprili 8

Sitaki kuandika hili lakini nitaandika. Doa lina mabega.

Nililiona leo nilipoondoa pazia kupangusa. Lile la kwanza, lililokuwa sahani, limebaki juu, na chini yake unyevu umepanuka pande mbili na kuteremka. Ukisimama mlangoni unamwona mtu amekupa mgongo. Bega moja liko chini kidogo ya jingine, na Baba alikuwa na bega moja chini, kwa kubeba begi la dawa miaka yote ile.

Nimejiambia maji hushuka yanakotaka na macho huona yanachokitafuta. Nimejiambia kwa sauti. Mama akaniuliza nasema na nani.

"Na wewe unasema na nani humu kutwa?" nilimjibu vibaya.

"Na mwenyewe," alisema, na kuelekeza kidevu ukutani. "Namwambia avumilie. Fundi atakuja."

Harufu ya chumba sasa ni ya udongo mbichi, na asubuhi shuka la Mama lina baridi upande wa ukuta. Nataka kumhamishia mbele. Hataki. Nimesukuma kitanda mbali na ukuta kiasi cha mtu kupita, tena kwa ugomvi.

Aprili 11

Sijui nisemeje. Ninaogopa kazi yangu mwenyewe. Nikikanyaga cherehani haraka, nadhani nimeufunika mlio. Nikisimamisha mguu, nasikiliza. Leo haukugonga alasiri yote nikaona kana kwamba ameninunia.

Aprili 13, Jumapili

Kaka amepiga simu. Ameongea na Mama muda mrefu. Kwangu ameuliza neno moja tu, "Umekauka?"

Aprili 15

Kesho amekuja bila kuitwa, jambo la kutiliwa shaka. Amefanya kitu cha maana kwa mara ya kwanza. Amefunga mabomba yote ya ndani, akaniita barabarani tuitazame mita. Kigurudumu chake kilikuwa kinazunguka, polepole, peke yake, na ndani hakuna aliyefungua hata tone.

"Unaona? Nyumba inakunywa," alisema.

Kumbe kila saa ya mgao, mchana na usiku, ukuta unanyweshwa. Nimefarijika vibaya mno. Ni bomba! Ni bomba lililooza, basi! Atavunja ukuta wiki ijayo, na bomba jipya la plastiki atalipitisha nje, kwenye hewa, ambako likivuja litaonekana.

Mama hakufurahi. "Mkivunja hapo mtamtoa."

"Mama, tusipovunja, Kaka atakutoa wewe."

Nilikuwa natia uzi kwenye sindano, sikuinua uso. Nikamsikia akisema taratibu, "Sawa. Vunjeni. Mshipa wenyewe siku hizi unagonga sana, hadi nashindwa kukusikia."

"Na mimi nausikia," nilimwambia. "Wiki ijayo utanyamaza."

Aprili 19

Mvua. Mama ameangusha kikombe. Amesema mkono umelala.

Aprili 24, hospitalini

Nimeandika siku mbili hizi kichwani. Sasa naandika kwa kalamu ya muuguzi.

Juzi Kesho alikuja mapema. Akafunga koki kuu barabarani, akafungua bomba la uani, maji yakakohoa yakakatika. Akaanza kuvunja. Mama alikataa kukaa chumba cha mbele, akawekewa kiti chumbani kwake karibu na dirisha, kitambaa puani kwa ajili ya vumbi. Plasta ilitoka kwa mapande, laini kama ugali uliolala. Bega moja likaanguka, kisha la pili. Nilikuwa nimesimama hapo. Nilifumba macho ilipofika zamu ya kichwa.

Kesho akasema, "Njoo uone hii."

Mshipa ulikuwa mwekundu kwa kutu, na kwenye kiungo, nyuma kabisa ya pale ulipokuwa mto wa Mama, ulikuwa umefungwa bandeji. Bandeji ya hospitali, imepakwa lami, imezungushwa kwa mpango, kila mzunguko umekanyaga nusu ya ule wa chini, na ncha zake zimefichwa ndani ili zisikwaruze. Hivyo ndivyo Baba alivyofunga magoti yetu. Kumbe alijua unavuja. Aliufunga akauziba, hakumwambia mtu.

Kesho alianza kucheka, akaniona uso, akaacha. Akasema kiungo kimeliwa na kutu hadi ndani, itabidi akachukue dukani soketi ya kuunganishia bomba. "Narudi sasa hivi." Hakusema kesho, nami nikamwamini. Akaondoka, na mvua ikamwagika kama iliyokuwa imemsubiri atoke.

Nilimuuliza Mama kama anataka chai. Alinitazama muda mrefu kama anayetafuta jina langu. Akasema, "Baadaye." Nikaenda mbele, nikakaa kwenye cherehani. Nilikuwa na sare za kumaliza.

Mvua ilikuwa kubwa juu ya bati. Ukuta ukagonga. Ko, ko.

Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu. Nilisema moyoni, umekuja kuaga. Nikaendelea na kola. Ukagonga tena, mara mbili, na tena baadaye, mara mbili, dhaifu. Nikasema, kweli Baba hachoki. Machozi yalinilenga, matamu, ya kujionea huruma, na mguu wangu ukaendelea kukanyaga. Nilimaliza kola ile. Nikakata uzi kwa meno. Nikainuka kwenda kujaza ndoo, maana ukuta ukigonga maji yamerudi.

Nikafungua bomba la uani. Halikutoa kitu.

Koki ilikuwa imefungwa. Koki ilikuwa imefungwa tangu asubuhi, na hapakuwa na maji wala hewa ya kugonga chochote katika nyumba ile.

Sikumbuki nilivyopita ukumbini. Mama alikuwa chini, kati ya kitanda na ukuta, katika nafasi ile niliyoifanya mimi nilipokisukuma kitanda. Upande wa kushoto ulikuwa umemlala wote, mdomo umevutwa, jicho moja halifunguki. Mkono wa kulia ulikuwa juu, umeshika ukuta, na pete yake ilikuwa nyeupe kwa vumbi la chokaa.

Jirani alitutoa kwa gari lake. Sikuifunga nyumba mdomo.

Aprili 25

Daktari ni msichana mdogo, ana macho yaliyokosa usingizi. Amesema ni mshipa wa kichwani, umevuja damu. Alisema hivyo hivyo, kwa maneno hayo hayo.

"Hakuwahi kulalamika kichwa?"

"Alisema kizito."

"Tangu lini?"

"Tangu mvua zianze."

"Mkafanya nini?"

"Tukapandisha fundi juu ya paa," nilisema.

Alidhani nimechanganyikiwa. Akanipa maji. Nilimweleza kwamba na jicho alilisema, nikapaka mshumaa, na mshipa alisema unagonga. Aliacha kuandika. Kisha nikakumbuka lile gauni la kutokea. Fundi, kwa Baba, alikuwa ni daktari. Mama alichana nywele akamsubiri daktari aingie. Alimsikia akitembea juu ya paa, akisogeza kikombe chetu cha chai, akiondoka, na mimi nikamcheka.

Aprili 26

Kaka amekaa na mimi kwenye benchi. Kiatu kimoja cheusi, kimoja cha kahawia, wala hajui. Nilimsubiri aseme. Nilitaka aseme, ili tugombane nipumue.

Alisema, "Jumapili ile kwenye simu aliniambia mshipa unamsumbua hata kulala. Nikamwambia Sindano anaushughulikia."

Kisha akajifunika uso kwa mikono yote miwili na mabega yake yakatikisika. Bega moja liko chini kidogo. Sikuwahi kuliona. Miaka yote nimemhesabu kuwa hakimu, kumbe ni mtoto wa nyumba ile ile, anasema lugha ile ile.

Mei 2

Amefungua macho. Moja zima, moja nusu.

Mei 6

Anameza uji.

Mei 10

Nimerudi nyumbani kufua. Kesho alirudi siku ile, akakuta nyumba wazi na mtu hakuna. Amemaliza kazi peke yake, hata kufagia amefagia. Bomba la plastiki linapita nje, limeshikiliwa na vibanio, jepesi, halina siri. Mshipa wa zamani ameuacha uani. Nimeifungua bandeji nikaitundika kwenye kamba. Nilitaka kuitupa, mkono ukakataa.

Ukuta uko wazi. Kesho amesema usipigwe plasta hadi tofali zikauke zenyewe. Pale alipokuwa amesimama mtu pana shimo refu tu, na buibui ameshaanza maisha.

Alasiri nilikaa mbele. Maji ya mgao yalifika, nikayasikia yakipita huko nje kwa mnong'ono. Ukuta haukusema neno.

Mei 18

Mvua zinapungua. Nyingine haifiki hata chini.

Mei 25

Mama ametoka hospitali. Kaka alimleta nyumbani kwanza, kwa heshima, lakini garini kulikuwa na mto mpya na blanketi mpya, nikajua anakompeleka. Kifua kilikuwa kisingizio cha zamani. Sasa ana mgonjwa kweli, na mlinzi wa mgonjwa ni mimi niliyemsikiliza akigonga nikaona ni muziki.

Tukamkalisha chumbani. Alitazama shimo la ukuta kwa jicho lake zima, muda mrefu. Kaka akachuchumaa mbele yake, akamshika mkono wenye uhai, akamweleza yote: kile chumba kikavu, vigae, jua, daktari wa karibu. Alieleza vizuri. Mimi mwenyewe ningekubali. Mama hajasema kauli inayoeleweka tangu siku ile, ila sauti za nusu nusu. Akafungua kinywa. Kikaenda upande. Akajaribu tena.

"Funga," alisema. "Funga... mdomo."

Kaka akainuka akaenda kufunga mlango.

Alikuwa ameshaurudishia, mkono bado kwenye kitasa, alipogeuka akaniangalia, nami nikamwangalia. Mlango haukuwa na upepo. Hakuna aliyekuwa akipita. Mama alikuwa anamtazama yeye tu, na upande mzima wa midomo yake ulikuwa umepanda.

Tulicheka hadi Kaka akakaa sakafuni kwa suruali yake ya kazini. Mimi nililia ndani ya kicheko hicho, yeye pia. Hakutaja tena chumba kikavu. Jioni aliingiza ule mto na blanketi kutoka garini, akavitandika mwenyewe, akasema atakuwa anakuja kila Jumapili na si kukagua.

Juni 1

Plasta imepigwa. Kitanda kimerudi. Kila Mama anapotamka kiungo chochote namuuliza, "Chako au cha nyumba?" Ananyoosha kidole. Hatucheki, tunauliza tu.

Juni 6

Mvua zimekwisha. Ukuta mkavu, mweupe, mgumu kama sahani.

Mama hana furaha. Alasiri anageuza kichwa na kusikiliza, kisha machozi yanamtoka kwenye lile jicho lisilofunguka vizuri. Nadhani anahisi tumemfukuza Baba. Ninahisi hivyo pia. Nilichokuwa nakiogopa miezi yote hii sasa nakikosa, na nyumba imekuwa kubwa isiyo na mtu.

Juni 8

Nimefanya jambo la kitoto. Nilikuwa na kastabini kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano. Alasiri ilipofika nikaegemea ukuta nikagonga. Ko, ko.

Kimya. Halafu, kutoka upande wa pili, pete yake. Ko, ko.

Nilikwenda kumtazama. Alikuwa amekaa, uso umetulia. Akaniita kwa kidole nisogee. Akatafuta maneno, akayapata moja moja.

"Baba yako... hakuwa... na haraka... hivyo."

Juni 9

Nimegonga polepole. Amejibu. Kwangu mimi ni kujua yu mzima. Akichelewa kujibu nimeshasimama.

Juni 15, Jumapili

Kaka alikuja, akakaa na Mama, nikapata nafasi ya kwenda sokoni. Nilichelewa. Alikuwa ameshaaga nilipofika. Nilimkuta barabarani akiwasha gari, akasema amemwacha macho, mzima, amekaa kitini.

Nilikuwa ukumbini, kikapu mkononi, niliposikia pete. Ko, ko.

Niliangusha kikapu. Sasa nikisikia mlio huo sifikiri, nakimbia. Nyanya zilibiringika hadi chini ya cherehani. Kastabini ilikuwa pale juu ya meza, nilipoiacha asubuhi.

Mama alikuwa kitini, mzima, kichwa amekielekeza ukutani, mkono wa kulia bado uko juu.

"Unaniita, Mama?"

Alinitazama kama anayekatishwa mazungumzo.

"Siiti," alisema. "Naitika."

Niliweka kiganja ukutani, pale pale. Pakavu kabisa. Nikaokota nyanya, nikafunga mdomo wa nyumba, nikavuta kiti nikakaa karibu naye, tusikilize wote.